Sheria Inamtafuta Mmoja, Inakagua Wasichana Wote



Mada ya mwezi huu imetoka kwa wenzetu waliopata safari ya Marekani, wale walioko Boise, Salt Lake City na Portland ya Maine. Wanatuma sauti kwenye grupu, wanauliza: nyinyi kule mnaonaje haya maneno ya watoto transijenda na michezo ya shule? Tumebishana siku nne nzima. Wengine walisema mambo ya Wazungu tuwaachie Wazungu. Wengine walileta Biblia, mwingine akaleta Kurani. Mwishowe tukakubaliana tuandike, maana watoto wa ndugu zetu wanasoma katika shule hizo, na sisi wenyewe tunasimamia mpira wa wasichana hapa kambini. Jambo hili siyo la mbali.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mtoto transijenda ni yule ambaye alipozaliwa aliandikwa mvulana lakini anajitambua na kuishi kama msichana, au aliandikwa msichana na anaishi kama mvulana. Sheria tunazozisema zinamhusu hasa huyo wa kwanza: je, aruhusiwe kucheza katika timu ya wasichana shuleni?

Marekani, timu za wasichana hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria inayoitwa Title IX, ikakataza shule zinazopokea pesa za serikali kuu kubagua mtu kwa sababu ya jinsia. Kabla yake, wasichana waliocheza michezo ya sekondari nchi nzima hawakufika 300,000. Leo wanapita milioni 3. Kwa hiyo mama wa kule akisema "timu ya binti yangu isiguswe", anajua anachokilinda. Tusimcheke.

Tarehe 30 Machi 2020 gavana wa Idaho alisaini sheria ya kwanza ya jimbo kumzuia mwanafunzi transijenda kucheza upande wa wasichana, kuanzia shule ya msingi mpaka chuo kikuu. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine, na leo ni zaidi ya 25, yaani nusu ya nchi. Februari 2025 Rais Trump akasaini amri yake: shule itakayoruhusu inaweza kunyimwa pesa za serikali kuu. Julai 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kusikiliza kesi mbili, moja ya Idaho na moja ya West Virginia. Hiyo ya West Virginia ilifunguliwa mwaka 2021 kwa ajili ya mtoto wa miaka 11 aliyetaka kukimbia mbio za nyika pamoja na wenzake wa shule.

Sasa tuseme ukweli: wanaounga mkono sheria hizi wana hoja, na hoja yao ina uzito. Baada ya kubalehe, mwili wa mwanamume unapata misuli zaidi, mifupa mirefu zaidi, moyo na mapafu makubwa zaidi. Katika mbio, wanaume bora wanawapita wanawake bora kwa kama asilimia 10 mpaka 12. Hiyo siyo chuki, ni saa ndiyo inayosema, na ndiyo maana kukawekwa timu mbili. Msichana anayetafuta nafasi ya chuo kwa nguvu ya miguu yake ana haki ya kuuliza anashindana na nani. Wamarekani wengi wanaona hivyo pia: Gallup walipouliza watu mwaka 2023, asilimia 69 walisema kila mchezaji abaki katika timu ya jinsia aliyozaliwa nayo.

Lakini angalieni vizuri sheria zenyewe. Mtoto wa miaka 8 hajabalehe. Katika umri huo tofauti ya mbio kati ya mvulana na msichana ni ndogo, kila mwalimu wa shule ya msingi anaijua. Na yule mtoto wa West Virginia alikuwa anatumia dawa za kuzuia balehe ya kiume isianze. Sheria haiulizi hayo. Haiulizi umri, haiulizi mchezo gani, haiulizi kama ni fainali ya jimbo au ni watoto wanakimbia kuzunguka uwanja mchana. Inauliza aliandikwa nini siku aliyozaliwa, basi.

Halafu kuna hesabu. Machi 2022 gavana wa Utah, Spencer Cox, mtu wa chama cha Republican, alikataa kusaini sheria kama hiyo. Aliandika barua, akaweka namba wazi: wanafunzi 75,000 wa sekondari wanacheza michezo katika jimbo lake, transijenda wanaocheza ni 4, na kati ya hao 4 ni mmoja tu aliyekuwa anacheza upande wa wasichana. Wabunge wakaipitisha bila yeye. Desemba 2024 mkuu wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo, aliulizwa na maseneta. Akajibu kwamba kati ya wanamichezo 510,000, transijenda anaowajua yeye hawafiki 10.

Mmoja wetu kwenye grupu alisema: "Hata akiwa mmoja, kama ni dhuluma ni dhuluma." Sawa, tunamkubali. Lakini swali letu sisi ni hili: huyo mmoja utampataje? Hajaandikwa kwenye paji la uso. Ili umpate lazima upite katikati ya wasichana wengine wote, mmoja mmoja, ukiuliza nani ni nani.

Sheria ya Idaho ilipoandikwa ilisema hivi: msichana akitiliwa shaka, mhudumu wa afya athibitishe jinsia yake kwa kuangalia viungo vyake vya uzazi, au kupima homoni ya testosteroni, au kupima vinasaba. Mtu yeyote angeweza kuleta shaka hiyo. Na kukaguliwa ilikuwa kwa timu za wasichana peke yake, wavulana hawakuguswa. Jaji aliisimamisha Agosti mwaka huohuo wa 2020, lakini maandishi yanatuonyesha njia yenyewe ilivyofikiriwa.

Utah waliifuata njia hiyo kwa namna nyingine. Mwaka 2022 chama cha michezo ya shule cha jimbo kilieleza mbele ya wabunge kisa kimoja. Msichana alishinda mashindano kwa mbali. Wazazi wa wasichana wawili waliokuja nyuma yake wakaleta malalamiko. Chama kikafukua karatasi zake za shule mpaka za chekechea. Kumbe tangu chekechea ameandikwa msichana. Yeye na wazazi wake hawakuambiwa kitu wakati wote huo. Chama kikasema pia kwamba kuna malalamiko yanayoletwa kwa sababu tu mchezaji fulani haonekani msichana vya kutosha.

Februari 2024, hapohapo Utah, mjumbe wa bodi ya elimu ya jimbo aliweka kwenye Facebook tangazo lenye picha ya mchezaji wa basketi wa sekondari, kwa maneno ya kuwafanya watu waamini kwamba siyo msichana. Alikuwa msichana. Watu walimtukana na kumtisha mpaka ikabidi apewe ulinzi. Wote hao wawili hawakuwa transijenda. Mmoja kosa lake ni kushinda, mwingine kosa lake ni jinsi anavyoonekana.

Tukija kwetu Afrika, habari hii tunaijua kabla ya Idaho. Ruyigi hii tunamoishi ndiko alikozaliwa Francine Niyonsaba. Yeye siyo transijenda. Alizaliwa msichana, akalelewa msichana, ila mwili wake wenyewe unatengeneza testosteroni nyingi kuliko kawaida. Mwaka 2016 katika Olimpiki ya Rio alipata medali ya fedha ya mita 800, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini, mbele ya Margaret Wambui wa Kenya. Mwaka 2019 ikathibitishwa kanuni kwamba wanawake kama hao wakitaka mbio za kuanzia mita 400 mpaka maili moja, lazima wameze dawa za kushusha homoni. Niyonsaba akahamia mbio ndefu. Septemba 2021, Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000.

Halafu ikaja Machi 2023. Kikao kimoja cha shirikisho la riadha la dunia kiliwafungia wanawake transijenda waliopita balehe ya kiume, na kikao hichohicho kikapanua kanuni za homoni zikashika mbio zote, ndefu na fupi. Shirikisho lenyewe lilisema kwamba wakati ule hakukuwa na mwanariadha transijenda hata mmoja anayeshindana kimataifa katika riadha. Mlango ulifungwa kwa jina la mtu ambaye hayupo, aliyeguswa ni dada yetu wa Ruyigi. Na tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanamke yeyote anayetaka kukimbia mashindano ya dunia lazima apimwe vinasaba kwanza.

Kuna pia Annet Negesa wa Uganda, mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 2019 alisema hadharani kwamba mwaka 2012 alifanyiwa upasuaji ili aendelee kuruhusiwa kukimbia, na kwamba hakuelezwa vizuri watamfanya nini. Shirikisho la dunia lilikana kuhusika. Mwili wake haukurudi kama zamani. Leo anaishi Ujerumani, na huko alipewa hifadhi. Yaani ni mkimbizi mwenzetu.

Hapo ndipo tunasema jambo hili ni letu. Sisi kukaguliwa tunakujua vizuri kuliko mtu yeyote anayeandika sheria hizo. Siku ya uhakiki unapanga mstari toka saa kumi na moja asubuhi, unatoa vidole, unatoa macho, unapigwa foto. Unaulizwa jina la chefu wa kijini kwenu, unaulizwa mto gani unapita karibu na soko. Kijana akiwa mrefu anaambiwa huyu siyo mtoto. Mama akisahau mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa tano, anatazamwa kama mwongo. Hatusemi uhakiki usiwepo, kuna wanaodanganya kweli. Tunasema tunajua inavyokuwa ukisimama mbele ya mtu na kazi ya kuthibitisha wewe ni nani imewekwa yote kichwani mwako.

Na kwenye mpira wetu wenyewe imeshatokea. Mwaka jana katika kombe la wasichana kulikuwa na beki mmoja, mrefu, sauti nzito, nywele kanyoa kwa sababu ya ukosefu wa sabuni na mafuta kama wasichana wengi hapa. Timu yake ikashinda mechi tatu mfululizo. Mechi ya nne mashabiki wa kartie nyingine wakaanza kuimba eti huyu ni mwanaume. Mmoja wa wasimamizi akasema njia rahisi ni kinamama wawili wampeleke pembeni wamwangalie. Mama yake alikuwa hapo, ameweka bidoni ya maji chini. Akasema: "Mtoto wangu nilimzaa mimi, hakuna mtu wa kumwangalia." Sisi vijana wa kujitolea tukasimama upande wa mama. Timu ikahesabiwa imepoteza mechi. Yule dada hajarudi uwanjani mpaka leo, na wawili wa timu yake walimfuata, wakisema hawataki siku moja iwe zamu yao.

Hakuna aliyetamka neno transijenda siku ile. Haikuhitajika. Ukishakubali kwamba msichana anaweza kudaiwa uthibitisho wa mwili wake ili acheze, atakayedaiwa siku zote ni yule mrefu, yule mwenye nguvu, yule anayefunga magoli. Na timu itakayopoteza ndiyo itakayodai.

Tena kuna upande wa chakula, na huu tunataka wapishi na wagawaji wa misaada wausikie vizuri. Februari 2025 gavana wa Maine, Janet Mills, alimjibu Rais Trump mbele ya magavana wengine kwamba watakutana mahakamani kuhusu suala hili. Aprili wizara ya kilimo ya Marekani ikazuia pesa za jimbo hilo, zikiwemo zile zinazosaidia kulisha watoto mashuleni na kwenye vituo vya kulelea. Jaji akaamuru zifunguliwe, na Mei wakapatana. Lakini fikirini: katika Maine kuna maelfu ya watoto wa Kongo, wa Angola, wa Somalia, na wapo ambao mlo wa uhakika ni wa shuleni. Wale watoto hawana timu, hawana kesi, hawajui hata ugomvi ni wa nini. Sisi ambao mgao wa PAM ukipunguzwa tunajua usiku huohuo, hatuwezi kusikia sahani ya mtoto inatumiwa kama fimbo halafu tukanyamaza. Ubishi wa michezo ubaki kwenye michezo.

Wengine watatuambia: nyinyi sasa mnatetea mambo ambayo dini na desturi zetu hazikubali. Jibu letu ni hili. Kati yetu walioandika kuna wanaoamini kwamba mtu hawezi kubadili jinsia, na imani yao hatuigusi. Nchi inayotupokea ina sheria zake, sisi ni wageni, tunaziheshimu. Lakini imani haimwambii mtu afukue karatasi za chekechea za mtoto wa jirani, wala kumpeleka binti wa mtu nyuma ya choo amwangalie. Na yule mtoto mmoja wa Utah, hata usipokubaliana na jinsi anavyojiita, ni mtoto. Gavana Cox aliandika kwamba watoto hao wanatafuta marafiki tu, wanatafuta kuwa sehemu ya kitu. Sisi tulifika hapa bila lugha ya wenyeji, bila mtu anayetujua jina. Wengi wetu rafiki wa kwanza tulimpata kwenye mpira. Hatuwezi kujifanya hatuelewi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mashindano ya juu, yale ya medali na nafasi za chuo, yanaweza kuwa na mipaka kwa waliopita balehe ya kiume. Mipaka hiyo iwekwe na wanaoujua mchezo, kwa kila mchezo na kila ngazi, kesi kwa kesi, kwa siri. Isiandikwe na wabunge kwa sheria moja inayomfunga mtoto wa miaka 8 sawa na mwanariadha wa chuo. Watoto wadogo waachwe wacheze. Na mahali popote, kwa sababu yoyote, mwili wa msichana usiwe kitu cha kuangaliwa kwa sababu mtu wa timu iliyopoteza amelalamika.

Huko Marekani hatupigi kura. Hapa tunapiga filimbi, basi tuanze na hapa. Tunapendekeza mambo matatu yaandikwe katika kanuni za kombe lijalo kabla ya mechi ya kwanza.

La kwanza: kitakachoangaliwa ni karatasi ya HCR peke yake, kwa ajili ya umri na kartie, siku ya kuandikishwa. Mechi ikishaanza, hakuna swali tena kuhusu mwili wa mchezaji.

La pili: mwenye malalamiko ayaandike na kuweka jina lake, ayapeleke kwa watu wawili, mwanamke mmoja wa kamati na mtu mmoja wa ulinzi wa watoto. Mzazi wa mchezaji aambiwe siku hiyohiyo. Kusiwe na uchunguzi wa siri kama ule wa Utah.

La tatu: mashabiki wakimwimbia mchezaji eti ni mwanaume, refa asimamishe mechi. Wakirudia, timu yao ipoteze pointi. Kwa sasa anayepoteza ni aliyetukanwa, na hiyo tunataka igeuke.

Ndugu wa mashirika, tuna ombi moja kwenu pia. Kila mwisho wa mradi mnatuuliza wasichana wangapi wameshiriki, tunawapa namba ya siku ya ufunguzi. Tuulizeni pia wangapi wamebaki mpaka fainali, na walioondoka wameondoka kwa nini. Mtasikia maji, kuni, kukosa pedi, wadogo wa kulea. Na mtasikia aibu. Maji na kuni zinahitaji pesa ambazo mnatuambia hazipo. Aibu hii ya kukaguliwa, kuiondoa haiombi bajeti. Inaomba karatasi moja ya kanuni na watu wa kuisimamia.

Mkutano wa kamati ya michezo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, chini ya hema la vijana. Kanuni hizi tatu tutazisoma hapo. Anayezipinga aje azipinge mbele ya wote, tutamsikiliza. Na wewe dada unayecheza beki, kama unasoma hii: nafasi yako bado ipo, namba nne hatujampa mtu.